Ngoie Ana Miaka Tano na Hajui Kukata Tonge

Kolwezi, vendredi, mwezi wa sita. Asubuhi baridi ya kukata masikio, saa sita jua, na vumbi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ninyi bamama ba Dilala, commune yetu, acheni kusema mwalimu ni mubaya. Mutoto anafika ku masomo na miaka tano, mikono laini kama mukate uliolowana mu chai. Hajui kufunga kifungo, hajui kupasua karanga, crayon anaishika na ngumi kama mutu anashika muti wa kutwangia. Kiisha munakuja kupiga kelele ku mulango. Haya! Ile mikono ilikuwa kwa nani miaka yote tano? Kwa mwalimu?

Mbele munikasirikie, mujue kitu kimoja. Siku ya kupiga kelele ku mulango, mi njo nilikuwa wa kwanza.

Naandika yote namna ilipita mu hii page ya bamama ku simu, na kidole kimoja, pole pole. Sikusoma sana. Lakini sijafika bado kushindwa kusema kosa yangu.

Mi ni Mama Banza. Banza ni mutoto wangu wa mwisho, anaendesha kamio, lori ya kubeba mawe ya mugodi, kule Fungurume, tunamuona samedi na dimanche tu. Muke wake, Solange, anapika mu cantine ya bafundi ba mine. Bus inamubeba giza ikiwa bado, inamurudisha jua ikiisha kushuka. Kwa hiyo mutoto wao Ngoie ni wangu, mi njo kambo yake, bibi yake. Mi namuamusha, mi namunawisha, mi namuvalisha, mi namulisha, mi namupeleka ku maternelle, masomo ya batoto badogo, na mi namurudisha.

Ile yote nilikuwa naisema kwa kujisifu.

Mwezi wa tano mwalimu wake akaniita. Anaitwa Mwalimu Odette, musichana mudogo, angeweza kuwa mujukulu wangu. Akasema: «Kambo, Ngoie ana akili. Nyimbo yote anajua, hesabu anafika makumi mbili bila kukosa. Lakini bidole yake haina nguvu. Mwisho wa mwezi wa sita tutajaribu batoto bote. Kama hawezi kushika crayon na kufunga bifungo yake mwenyewe, sitamupandisha mu première, mwaka wa kwanza wa primaire. Atarudilia.»

Kurudilia! Ngoie wangu, mwenye kuimba kuliko bote! Wenzake bapande mu première, bavae mashati nyeupe, yeye abakie na bale batoto bangali kukojoa mu suruali!

Nilimutukana yule musichana, sifichi. Nilimuambia weye hujazaa hata kuku, utanifundisha mi kulea? Hakukasirika. Aliniuliza tu: «Kambo, ku nyumba nani anamulisha?»

«Mi mwenyewe! Kila siku! Hajalala njaa hata mara moja!»

Akaniangalia. Kiisha akasema: «Asante, Kambo.»

Nilirudi ku nyumba kichwa juu. Nilifikiri nimemushinda.

Ile siku mangaribi nilimuangukia Solange. Nikamuambia ni simu yako, kutwa kuchwa simu, mutoto anajua kusukuma picha na kidole kimoja, ile ingine tisa inafanya nini? Solange alikuwa angali na kilemba ya kazi ku kichwa. Alisema pole pole: «Mama, simu yangu iko na mi ku cantine tangu asubuhi. Ngoie anaishika saa ngapi?»

Nikageukia sufuria ku moto. Mama mukwe hajibu kila kitu.

Kesho yake nilirudi kwa Mwalimu Odette, nikauliza tufanye nini. Nilingoja aniambie ninunue michezo ya plastiki ya duka. Akasema hapana, Kambo, usinunue kitu. Bitu yote iko mu jikoni yako. Apewe bitu ya kufinya, ya kufunga, ya kuokota, ya kupasua. Na udongo ya kufinyanga, ile inatia nguvu sana.

Udongo nilifikiri ni rahisi. Nikachimba nyuma ya nyumba, nikatia mu beseni, nikamwagia maji. Solange alirudi akaona beseni, akapiga kelele kama ameona nyoka. «Mama, ile udongo yetu, hapana! Na makamio inapita pale kutwa nzima?» Na alikuwa na haki. Barabara ya makamio ya mawe ya mine iko mwisho wa avenue yetu, na vumbi yake ni sumu. Wakati wa jua kama huu, majani ya sombe, mboga ya mihogo, mu lupango, kiwanja ya nyumba, inakuwa nyekundu, utaiosha maji tatu. Nikamwaga.

Basi tukafanya udongo ya unga. Bamama, sikilizeni. Unga ya mahindi peke yake haishikane, inavunjika kama muchanga. Changanya na unga ya mihogo, nusu kwa nusu, tia chumvi na mafuta kidogo, kiisha maji ya moto. Kanda weye kwanza, ikipoa mupe mutoto. Ngoie alifanya nyoka, alifanya mayai, alifanya kitu moja akasema ni Baba na kamio yake. Mi sikuona Baba, sikuona kamio, nikasema ni muzuri.

Kiisha tukaendelea na bitu ya kila siku. Asubuhi, mbele ya masomo, anapasua karanga kumi, si zaidi. Karanga ni nzuri juu inakataa: lazima ufinye na gumba na kidole ya pili, na ikipasuka unapata malipo palepale mu kinywa. Akirudi, anachambua maharagi: mawe huku, mbovu kule, nzuri mu sufuria. Ukae pembeni yake, usiende kupiga masolo, kuzungumuza tu, ku jirani, juu mutoto wa avenue ya tatu alitia haragi mu pua na balimupeleka ku hôpital.

Samedi tunachuna mahindi, kutoa punje ku gunzi. Mutoto haanze na gunzi nzima, atashindwa atalia. Mi namutolea mustari moja, yeye anasukuma punje na gumba kuingia mu ile nafasi. Dimanche kiisha misa anavuta nyuzi mu mufuko wa zamani wa muchele. Weka akilini: mufuko wa muchele, si ile ilibeba mawe. Anavuta uzi moja moja, pole pole, usikatike, kiisha anaipitisha mu bifuniko ya chupa yenye tundu. Tundu natoboa mi na musumari, na nasugua upande ule mukali ku jiwe mpaka hautaumiza. Alifanya mukufu. Solange alienda nao ku kazi, bafundi balimucheka mu bus, hakuuvua.

Kukamua kitambaa. Kubana nguo ku kamba na pinsi. Kupasua mboga ya lenga-lenga jani kwa jani. Yote hii haina mwalimu na haina bei.

Lakini wiki mbili ilipita na mikono ya Ngoie ilikuwa ileile.

Anachoka mbio. Maharagi ishirini tu na anatikisa mikono anasema inawaka. Na mi niko mutu wa haraka. Nikiona anabakia na karanga ya saba, namunyanganya, namaliza tatu mi mwenyewe, paa paa paa, nasema tumemaliza. Kifungo ya shati ikikataa mara mbili, nafunga mi, moto ya masomo, ile pikipiki ya kutubeba, inangoja inje. Nilihesabu ile kama kazi yake. Ilikuwa kazi yangu.

Na neno moja nilikuwa nalo mu kinywa tangu asubuhi mpaka kulala, kama bamama bote ba hapa. Usiguse.

Usiguse chini, vumbi. Usiguse mulango, vumbi. Usiguse dirisha, usiguse jiwe, usiguse maji ya mufereji, usiguse chakula na ile mikono. Si uongo, vumbi iko. Tunaona namna inakaa juu ya meza saa moja kiisha kupanguza. Lakini mutoto mwenye kusikia usiguse miaka tano, bidole yake itajifunza wapi?

Siku ya kufunguka macho ilikuwa mercredi ya wiki ya tatu. Kulikuwa kilio kwa mama moja wa kanisa letu, na kilio haiendwe na mutoto. Nikamuacha Ngoie kwa jirani wa nyuma, Mama Kalenga, mwenye batoto sita. Nilimuambia saa nane nitakuwa nimerudi nimulishe. Mama Kalenga akasema: «Kwenda, Mama Banza. Hapa hakuna mutu analishwa na hakuna mutu amekufa.» Nilifikiri ni mchezo wake, anapenda kucheka batu.

Nilirudi saa nane na kitu. Nikabisha hodi, nikapita nyuma. Batoto balikuwa chini ku mukeka, bamezunguka bukari moja kubwa, ugali wetu, na sahani ya sombe na ndagala, samaki tudogo. Mikono inaingia, inatoka. Kale kadogo kabisa, Kalenga mwenyewe, miaka tatu, alikuwa anamega tonge, anaviringisha mu bidole, anabonyeza na gumba katikati mpaka inakuwa kama kijiko, anachota sombe, ndani ya kinywa. Hakuangusha hata ndagala moja.

Ngoie wangu alikuwa amekaa katikati yao. Mikono juu ya magoti. Kinywa wazi.

Anangoja.

Bukari ilikuwa karibu kuisha na hakuna tonge iliingia mu ile kinywa. Hakulia. Alikuwa anageuza kichwa, anamuangalia huyu, anamuangalia yule, kinywa wazi, kama anauliza nani atanitilia. Na bale batoto banakufa na kicheko. «Ngoie anangoja kambo yake! Ngoie anangoja kambo!»

Mama Kalenga akasema toka ku jiko, bila kugeuka: «Mama Banza, kuya ulishe njiwa yako. Mi nilimuambia akate, anasema hajui.»

Njiwa yangu. Nilicheka, juu ukiisha kuchekwa mu lupango ya watu unacheka na weye. Nikamubeba mutoto mu mukono kama mutoto muchanga, miguu yake inafika ku magoti yangu. Njiani nilianza kuangalia bidole yangu mwenyewe. Kumega. Kuviringisha. Kubonyeza na gumba. Kuchota bila kumwaga. Ile yote Mwalimu Odette alinihesabia, kufinya na kuokota na nguvu ya gumba, iko mu tonge moja ya bukari. Mutoto anaifanya labda mara makumi mbili mu sahani moja, mara mbili mu siku, tangu mwaka wa pili wa maisha yake. Kalenga wa miaka tatu amefanya masomo yake yote pale ku mukeka.

Na Ngoie? Ngoie hajafanya hata moja. Mi njo nilifanya yote. Mikono yangu ni hodari sana, asante.

Sasa niseme juu ya nini nilifanya vile. Mbele Banza azaliwe, nilizika mutoto mwanamuke wa miaka mbili. Tumbo, siku tatu, akaisha. Balisema ni maji, bengine balisema ni mikono, alikuwa anaokota bitu chini na kula. Tangu ile siku hakuna mutoto wa nyumba yangu alikula na mikono yake mbele ya kufikisha miaka sita. Banza nilimulisha vile. Alipata bahati, baba yake alimufundisha kufunga mizigo na kamba, mikono yake ikatengenezeka bila mi kujua. Ngoie hana ile bahati, baba yake iko Fungurume.

Woga yangu ilikuwa ya haki. Lakini dawa ya mikono michafu ni maji na sabuni. Si kumukata mutoto mikono.

Ile mangaribi, Solange ku kazi angali, niliweka kopo ya maji, sabuni, beseni. Nikamuambia Ngoie jimwagilie. Alijimwagilia, nusu ilienda ku miguu yangu. Akasugua, kati ya bidole, nyuma, kucha. Kiisha nikaweka sahani yake mbele yake na nikasema: «Kata.»

«Kambo, weye.»

«Mi nimeshiba.»

Alilia. Alilala chini. Aliita mama yake, aliita baba yake, aliita hata Mwalimu Odette. Nilikaa juu ya kiti na nilikalia mikono yangu yote mbili, juu ilikuwa inaenda yenyewe. Kiisha akarudi. Tonge ya kwanza ilishikamana ku bidole yote, ya pili ikaanguka mu sombe, ya tatu ikaingia, nusu ku shavu. Alikula tonge tatu, bukari imekuwa baridi kama jiwe ya asubuhi. Solange aliingia, akaona, akakimbia kuleta kijiko. Nikamuambia urudishe. Akasema mutoto atakonda, Mama. Nikasema akonde wiki moja.

Alikonda kweli. Tusidanganyane. Lakini siku ya ine alikata tonge na akabonyeza gumba bila mi kusema, na siku ya sita alimaliza sahani. Na karanga, ile kumi, alizipasua yote, anahesabu na sauti. Sikuishika hata moja. Moto ya masomo iliondoka bila sisi mara mbili, tulienda na miguu.

Leo njo ilikuwa siku ya kujaribiwa.

Bakambo na bamama tulikaa nyuma, ku benchi. Mwalimu Odette alimupa kila mutoto karatasi yenye njia mbili, apitishe mustari katikati, kama kamio mu barabara. Ngoie alishika crayon na ngumi. Kiisha akaiangalia, akaiweka chini, akaishika tena na bidole tatu. Alipiga mustari. Ku kona kamio ilitoka inje kidogo, lakini ilirudi mu njia.

Kiisha shati. Bifungo tano. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya ine ilikataa. Alijaribu, ikakataa. Batoto bengine bamekwisha kumaliza, banamuangalia. Aligeuza kichwa akanitafuta. Na mi nikatazama dirisha. Mungu anajua namna ilinigarimu kutazama lile dirisha. Ku pembeni mama moja aliniambia: «Mama Banza, si uende umusaidie?» Nikamuambia: «Nyamaza na weye.»

Alifunga. Ya tano ilibakia wazi. Mwalimu Odette hakuharakisha, alingoja, kiisha akasema inatosha.

Alitupa jibu tukiwa pale mulangoni. «Kambo, atapanda mu première. Lakini bidole ingali mpya. Vacances, mapumziko ya masomo, ni miezi miwili. Kama itabakia kulala, mwezi wa tisa atarudi kama zamani na nitamushusha. Nimemupandisha juu ya kazi yenu, si juu ya huruma.» Nilimuambia asante, Mwalimu. Mara ya kwanza namuita Mwalimu bila kukunja uso.

Nilipaswa kulala muzuri sasa. Lakini Solange alirudi leo na habari yake. Vacances Ngoie ataenda Fungurume, kwa baba yake, na pale atashinda kwa mama ya Solange, juu Banza iko ku kamio kutwa nzima. Mama ya Solange ni mutu muzuri, sina neno naye. Anapenda mutoto kama mi. Kwake vumbi ni mingi kuliko kwetu. Na nilimuona na macho yangu, ku Noeli, amemupakata Ngoie, tonge mu mukono, anamuambia fungua kinywa, mama, fungua.

Simulaumu. Ile ni mapendo, na mi naijua ladha yake. Lakini miezi miwili ya ile mapendo na Ngoie atashuka.

Banza, najua unasoma hii page mu kamio ukingoja kupakia. Sikiliza mama yako. Dimanche hii usije Kolwezi: mbele mutoto ashuke mu bus kule Fungurume, wende kwa mama mukwe wako. Mupe heshima yake, kaa chini, musomee maneno yangu yote, usiruke hata hii ya kwake. Umuwekee kopo ya maji na sabuni ku mulango. Karanga kumi kila asubuhi, ahesabu Ngoie mwenyewe. Na kama yule mama anakataa kusikia, usigombane naye: mutoto asishuke, arudi na ile ile bus, mi nitakuwa ku kituo.